Grainda ya betri: jinsi ya kuitumia bila kupoteza jicho, kidole au betri yenyewe

Fundi anayechomelea mageti Kahama, anayekarabati karasha Nyarugusu au anayefunga kenchi za chuma Kishapu anaweza leo kufika kazini akiwa na grainda ndani ya begi na betri mbili mfukoni. Hahitaji jenereta, hahitaji waya mrefu wa umeme, na umeme ukikatika kazi haisimami. Ndiyo sababu grainda ya kuchaji, ambayo wengine huiita grenda ya betri, imependwa haraka na mafundi na wachimbaji wadogo wa Shinyanga na Geita.

Lakini diski yake ni ileile inayofungwa kwenye grainda ya waya, na inakata nyama kama inavyokata nondo. Makala haya yanaeleza mashine hii inavyofanya kazi, namna ya kuchagua diski na betri, namna ya kukata bila kurushwa, na mahali ambapo haifai kuwashwa kabisa, hasa kwenye maeneo ya machimbo.

Waya ulipoondoka, nini kilibadilika?

Waya wa umeme ulikuwa kero, lakini ulikuwa pia kinga ya aina yake. Ulimlazimisha fundi kufanya kazi karibu na soketi, mara nyingi karakana, penye sakafu, meza na jiriwa. Na alipotaka kubadili diski, alichomoa plagi na kuiona kwa macho yake ikiwa chini.

Grainda ya betri haina mipaka hiyo. Inapanda juu ya paa, inaingia katikati ya majani makavu, inafika kwenye mdomo wa duara penye madumu ya dizeli. Betri ikiwa imechomekwa, mashine iko tayari kuzunguka muda wote, hata ikiwa ndani ya begi au mikononi mwa mtoto. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na waya sasa inabaki kwa mtu mwenyewe: kuchagua mahali na kuchomoa betri.

Kanuni ya kwanza ni fupi. Kabla ya kugusa diski, kubadili kava, kuhamisha mpini, kusafisha au kusafirisha mashine, chomoa betri. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Na kabla ya kurudisha betri, hakikisha swichi imezimwa, kwa sababu mashine nyingi za bei ndogo huanza kuzunguka mara tu betri inapoingia ikiwa swichi imebaki imewashwa.

Namba zilizoandikwa kwenye betri

Dukani utakuta betri za volti 18, 20 na 21, na muuzaji anaweza kukuambia ya 21 ina nguvu zaidi. Mara nyingi zote zina seli tano za lithiamu zilizounganishwa kwa mfuatano. Kila seli ina volti 3.6 kwa wastani na hufikia karibu volti 4.2 ikijaa. Zidisha kwa tano: unapata 18 kwa wastani na 21 ikiwa imejaa. Tofauti iko kwenye kibandiko tu. Baadhi ya betri huandikwa 48, 88 au hata 128, lakini ukizipima kwa mita zinasoma volti 21 au karibu na hapo.

Namba inayoeleza betri itadumu kiasi gani ni ya ampea-saa, yaani Ah. Zidisha volti kwa Ah upate wati-saa. Betri ya volti 18 na Ah 4 ina wati-saa 72. Grainda ikikata chuma kwa nguvu ya wati 700, betri hiyo itaisha baada ya dakika 6 hivi za kukata mfululizo. Kwa kuwa fundi hukata na kupumzika, dakika hizo zinaweza kutosha kwa nondo nyingi, lakini hazitoshi kwa siku nzima ya kusaga weldi. Kwa kazi hiyo ya muda mrefu, grainda ya waya bado ni nafuu zaidi.

Diski: soma kabla ya kufunga

Grainda ya inchi 4 na nusu, yaani milimita 115, ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wa diski yake huenda kwa kasi ya karibu kilomita 240 kwa saa. Kipande kikimeguka, kinaondoka kwa kasi hiyo.

Kila diski nzuri imeandikwa kasi ya juu inayoweza kuhimili. Kwa diski za kawaida za chuma ni takriban hivi:

- milimita 115 (inchi 4 na nusu): mizunguko 13,300 kwa dakika
- milimita 125 (inchi 5): mizunguko 12,200
- milimita 180 (inchi 7): mizunguko 8,500
- milimita 230 (inchi 9): mizunguko 6,600

Namba ya diski lazima iwe sawa na namba ya mashine au kubwa kuliko hiyo. Hapa ndipo lilipo kosa linaloua. Fundi anataka kukata bomba nene, diski yake ndogo haifiki, basi anaondoa kava na kufunga diski ya inchi 9 kwenye grainda ndogo. Diski iliyotengenezwa kwa mizunguko 6,600 inazungushwa 11,000. Nguvu inayoivuta ipasuke haiongezeki kidogo; inakaribia mara tatu ya ile iliyokadiriwa. Na kava halipo.

Angalia pia tarehe. Diski za kukatia na kusagia hushikiliwa na gundi ya resini, na gundi hiyo huchoka kwa umri na kwa unyevu. Watengenezaji wengi huchapa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi kwenye pete ya chuma iliyo katikati, kwa kawaida miaka 3 tangu diski itengenezwe. Diski iliyolowa, iliyoanguka au yenye ufa itupwe. Ivunje kwanza ili mwingine asiiokote.

Usichanganye kazi za diski:

- Diski nyembamba ya kukatia, yenye unene wa milimita 1 hadi 3, hukata kwa ukingo tu. Ukiilaza kusagia, inapinda na kupasuka.
- Diski nene ya kusagia, ya milimita 6 hivi, hulazwa kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 30 kuondoa weldi.
- Diski ya msasa, yenye vipande vinavyopishana, hulainisha na kuondoa kutu au rangi.
- Diski ya almasi ni ya vigae, matofali na zege.

Kwa grainda ya betri, diski ya milimita 1 ina faida ya ziada. Inaondoa theluthi moja tu ya chuma ambacho diski ya milimita 3 ingekiondoa kwenye mkato uleule, hivyo betri inakata vipande vingi zaidi.

Msumeno wa mbao usifungwe kwenye grainda

Kwenye machimbo, magogo ya kushikilia kuta za duara, yaani matimba, hukatwa kila siku. Kishawishi cha kufunga diski ya msumeno wa mbao yenye meno kwenye grainda ni kikubwa, na dukani diski za namna hiyo zinapatikana. Zikatae.

Meno ya msumeno hung'ata mbao. Yakikwama kwenye kifundo, mashine yote inaruka kumrudia mtumiaji, kwenye paja, tumbo au shingo, kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia. Msumeno wa mviringo wa mbao huzunguka polepole zaidi, una kava linalojifunga lenyewe na bamba la kulalia juu ya ubao. Grainda haina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa matimba tumia msumeno wa mkono, au msumeno wa mnyororo ukiwa na mtu aliyefundishwa kuutumia.

Kava, mpini na mavazi

Kava libaki mahali pake, likiwa limegeuzwa upande wa mwili wako. Mpini wa pembeni ufungwe, na mikono yote miwili iwe kwenye mashine. Wepesi wa grainda ya betri humshawishi mtu kuishika kwa mkono mmoja huku mwingine ukishikilia chuma. Chuma kishikwe na jiriwa au klempu, au kikanyagwe na kitu kizito, kisishikwe na mguu wala na msaidizi.

Macho yanahitaji miwani ya kinga inayofunika pande zote, na juu yake kioo cha uso kama kinapatikana. Miwani ya jua si kinga. Ngao nyeusi ya kuchomelea nayo haifai kwa kazi hii, kwa sababu nyuma yake huoni diski inakwenda wapi.

Vaa viatu vilivyofunika vidole, suruali na shati la pamba. Nailoni inayeyuka na kuganda kwenye ngozi cheche zikiifikia. Mikono ya shati ifungwe, shati lichomekwe, nywele ndefu zifungwe, na skafu, khanga, cheni na kamba za shingoni zibaki pembeni. Glovu za ngozi ziwe za kubana. Kelele za grainda huzidi desibeli 85, kiwango ambacho kinga ya masikio huhitajika kwa anayefanya kazi saa 8, hivyo weka vizibo vya masikio.

Kukata bila kurushwa

Diski mpya ikifungwa, iache izunguke bila kukata kwa dakika 1 ukiwa umeielekeza mbali na watu. Ikiwa ina kasoro, mara nyingi itaonyesha hapo.

Simama pembeni ya mstari wa diski. Ikipasuka au ikirushwa, itafuata mstari huo. Subiri ifikie kasi yake kamili ndipo uiguse chuma, kisha iache ikate kwa uzito wake. Ukisikia sauti inashuka, unakandamiza mno: diski inapata moto, betri inamalizika na mkato unapinda.

Sababu kubwa ya kurushwa ni diski kubanwa. Chukua bomba refu lililolazwa juu ya matofali mawili, moja kila mwisho. Ukilikata katikati, linalegea, mkato unajifunga, na diski inashikwa. Weka tegemeo karibu na mkato, na acha kipande kinachokatwa kining'inie nje ili mkato ufunguke kadiri unavyoendelea. Ukitaka kuanza upya katikati ya kazi, toa diski nje, ifikie kasi, ndipo uirudishe.

Ukizima, usiweke mashine chini diski ikiwa bado inazunguka. Hesabu sekunde hadi isimame kabisa.

Na si kila kitu ni cha grainda. Bati la kuezekea likikatwa kwa grainda linaungua zinki kwenye ukingo, na cheche zinazotua juu ya bati huacha vidoa vya kutu baada ya mvua chache. Mkasi wa bati hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Cheche: mafuta, pamba na baruti

Katika migodi mikubwa hakuna anayewasha grainda nje ya karakana bila kibali cha kazi ya moto. Mtu mwingine hukagua eneo, huhakikisha kizimamoto kipo, na humteua wa kulinda moto. Kwa mchimbaji mdogo hakuna karatasi ya namna hiyo, lakini maswali yake yanaweza kuulizwa popote.

Cheche za grainda zinaweza kuruka zaidi ya mita 10 na kujificha kwenye nyufa. Ondoa ndani ya eneo hilo majani makavu, maturubai, magunia, mbao na mafuta. Kisichoweza kuondolewa kilowanishwe au kifunikwe kwa bati. Weka ndoo za maji na mchanga karibu. Kazi ikiisha, mtu abaki akiangalia kwa nusu saa hadi saa 1, kwa sababu moto wa majani na magunia huanza kwa kufuka.

Mkoani Shinyanga, msimu wa kuvuna na kuuza pamba huangukia kiangazi. Ghala lenye pamba mbegu au kiwanda cha kuchambua pamba si mahali pa kuwasha grainda hata kwa mkato mmoja. Nyuzi za pamba hushika moto kwa cheche ndogo, na moto huo unaweza kuendelea kufuka ndani ya robota bila kuonekana.

Mapipa yana hatari yake. Pipa la petroli, dizeli au thina lililo tupu lina mvuke ndani, na mvuke huo uliochanganyika na hewa hulipuka. Kusuuza mara moja hakuuondoi wote. Mapipa ya sianidi kutoka kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu yasikatwe wala yasitumike kwa kazi nyingine yoyote, hata ya kuhifadhi maji ya kufulia.

Baruti na fataki zake zina mahali pake maalumu pa kuhifadhiwa. Kama kuna mlipuko unaoandaliwa au baruti imesogezwa karibu na duara, grainda inazimwa na betri inatolewa.

Ndani ya duara na kwenye karasha

Kwa sababu haina moshi kama jenereta, grainda ya betri huonekana kana kwamba inafaa chini ya ardhi. Haifai. Duara lina hewa kidogo, ukuta wake umeshikwa na mbao, na njia ya kutoka ni moja. Cheche iliyoingia kati ya matimba inaweza kuwasha moto ambao moshi wake utawafikia walio chini kabla hawajapanda. Pima chini, kata juu, shusha kipande kilichokwisha kukatwa.

Kwenye karasha tatizo ni vumbi. Dhahabu ya ukanda huu kwa sehemu kubwa imo ndani ya mawe ya kwatsi, ambayo ni silika. Vumbi lake laini halionekani, linafika ndani kabisa ya mapafu na kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba ambao pia humfanya mtu apate kifua kikuu kwa urahisi. Grainda inapulizia hewa, na ukikarabati karasha lenye vumbi unalirusha usoni mwako. Osha au lowanisha karasha kwanza, liache maji yachuruzike, kisha fanya kazi. Kukata zege na vigae kunatoa vumbi hilohilo. Fanya kazi nje, upepo ukitoka nyuma yako, na vaa barakoa ya N95. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii vumbi hilo.

Kutunza betri

Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto isichajiwe mara moja. Iache kivulini ipoe, kwa sababu kuchaji seli za lithiamu zikiwa juu ya nyuzi joto 45 kunazichosha haraka na kunaweza kuziharibu. Usiiache juani, kwenye kiti cha pikipiki wala ndani ya gari lililofungwa.

Tumia chaja yake, juu ya sakafu au bamba la chuma, mbali na kitanda na mlango wa kutokea. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyolowa isichajiwe tena. Unapoisafirisha, usiiweke pamoja na misumari au nati zinazoweza kuunganisha ncha zake. Usitupe betri motoni. Ikishika moto, ondoa watu, imwagie maji mengi ukiwa mbali na moshi, na piga simu ya Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Ajali ikitokea

*Chuma kikiingia jichoni:* usisugue. Usiruhusu mtu akitoe kwa kijiti cha kiberiti, ncha ya karatasi au ulimi. Kama ni vumbi tu, osha kwa maji safi mengi. Kama kitu kimechoma au kimekwama, funika jicho kwa kikombe cha karatasi bila kulibana na uende hospitali siku hiyohiyo. Kipande kilichopenya ndani wakati mwingine hakiumi sana siku ya kwanza, na hapo ndipo watu wengi huchelewa. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ni ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa.

*Kidonda kinachotoka damu:* bana kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kuachia, na inua kiungo. Kidole kikikatika, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha weka mfuko huo juu ya barafu. Kidole kisiguse barafu moja kwa moja. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Haki ya anayeajiriwa

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi vifaa kinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hulipa anayeumia kazini, na michango yake hutolewa na mwajiri. Ajali iandikwe na kutolewa taarifa mapema, hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Kwa anayetaka kujifunza kazi ya chuma tangu mwanzo, VETA ina vyuo vinavyofundisha uchomeleaji.

Maswali sita kabla ya kuwasha

1. Namba ya diski ni kubwa kuliko namba ya mashine au sawa nayo, na tarehe haijapita?
2. Kava na mpini vipo?
3. Macho yamefunikwa, na hakuna nguo inayoning'inia?
4. Chuma kimeshikwa, na mkato utafunguka au utajifunga?
5. Ndani ya mita 10 kuna nini kinachoweza kuwaka, na nani atabaki kuangalia?
6. Kazi ikiisha, betri itachomolewa na kuwekwa wapi?

Jibu moja likikosekana, acha betri nje ya mashine mpaka lipatikane.